Besi Ndani ya Kabati

Tulipomzika Odhis kwao, karibu na ziwa, mchungaji hakuwa amemaliza hata sala ya kwanza spika zilipoanza kupiga mbinja. Ni ule mlio unaotokea maikrofoni inapojisikia yenyewe kwenye spika, ikajirudia na kujirudia mpaka watu wazibe masikio. Kwenye matanga mengine mtu mmoja angekimbia kuzima. Hapa, nusu ya waombolezaji waliinuka kwa pamoja. Tulikuwa mafundi wa sauti kutoka kila pembe ya Nairobi, wengine wakiwa wamefunzwa na Odhis, wengine wakiwa wamegombana naye, na wengi wetu yote mawili. Tukafika kwenye ile mashine tukiwa kundi zima, kila mmoja amenyoosha kidole kwenye kitufe chake, huku kijana aliyekodishwa na mashine yake akirudi nyuma kama aliyevamiwa. Mjane wa Odhis alituangalia kutoka kwenye kiti chake akasema polepole, "Hata leo? Ketini chini nyote. Mwende peke yake ashike." Ndiyo maana nilimzika rafiki yangu nikiwa nimesimama nyuma ya mashine ya sauti, mkono juu ya maiki ya mchungaji, nikiipunguza kila alipoisogelea sana. Nadhani hakuna mtu aliyepewa mahali pazuri zaidi siku ile.

Baadaye tukila chini ya turubai, vijana wa kazi walianza kuniuliza tulianzaje. Wao wamesomea vyuoni, wana programu za kompyuta zinazoweza kufanya sauti iliyorekodiwa chooni isikike kama imetoka kwenye kanisa kubwa la mawe. Wakauliza tulitumia kifaa gani. Nikawaambia tulitumia sweta. Walicheka wakidhani natania, nami nikaanza kuwasimulia mwaka ule, nao wakaacha kula. Si mwaka ninaopenda kuusimulia mbele ya kila mtu. Watu walikufa. Majirani tuliogawana nao chumvi walitazamana kama wageni, na wengine waliohama hawakurudi mpaka leo. Lakini ukweli ni kwamba nilicheka mwaka ule kuliko mwaka mwingine wowote, na sijawahi kujua niuweke wapi ukweli huo.

Mwaka wa 2007 nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na kibanda cha kutengeneza redio pale Kianda, ndani ya Kibera, upande wa kwenda Olympic. Odhis aliniletea amplifaya iliyokuwa ikivuma kama nyuki. Nilipoipeleka kwake ikiwa imepona, nikakuta ana studio. Nasema studio kwa sababu yeye ndiye aliyeiita hivyo. Kilikuwa chumba kimoja cha mabati, juu mabati, pembeni mabati, na ndani amekibandika trei za mayai kutoka sakafuni hadi darini. Alizikusanya kwa wauza mayai wa mtaa mzima, na baadhi zilikuwa bado na manyoya. "Hii ndio inazuia sauti, Mwende," aliniambia. "Hata bomu ikilipuka huku ndani, nje hawatajua." Nikamwambia trei ya mayai ni karatasi, na karatasi haijawahi kuzuia kitu. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe tukawasha redio humo ndani wakati wa taarifa ya habari, tukafunga mlango, tukatoka kwenda kumuuliza jirani, Mama Atieno, kama anasikia chochote. Mama Atieno alikuwa akikaanga samaki kwenye karai lake, ukuta mmoja tu na studio. Bila kuinua macho alitusomea taarifa yote, kuanzia bungeni mpaka hali ya hewa. Odhis alirudi ndani akakaa akiangalia trei zake kama mtu aliyepata habari za msiba. Kesho yake akanitafuta kibandani. "Sawa basi," akasema. "Wewe unajua nini inazuia?"

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi hii, kwa kushinda ubishi. Sikuwa najua mengi. Nilijua kwamba kitu kizito ndicho kinachozuia sauti isipite, na kitu laini chenye unyoya ndicho kinachomeza mwangwi, na kwamba watu huchanganya hayo mawili. Uzito hatukuwa na uwezo nao, maana ukiweka ukuta wa mawe kwenye nyumba ya mabati nyumba inaanguka. Tukashughulikia mwangwi. Tulinunua kwa wauza mitumba yale masweta yaliyochakaa ambayo hata mnunuzi wa bei ya kutupa ameyakataa, tukayashindilia kwenye magunia ya katani, tukayatundika mbali kidogo na ukuta ili hewa ibaki nyuma. Kisha Odhis alisimama katikati ya chumba akapiga makofi. Zamani kofi lake lilirudi na mlio wa bati, kama sarafu iliyoanguka kwenye sufuria. Sasa lilipigwa likafa papo hapo. Alipiga tena na tena, akihama kona hadi kona, akitabasamu peke yake, na nikasikia Mama Atieno ng'ambo ya ukuta akimwambia mteja wake, "Wameokoka hao. Tangu asubuhi ni makofi."

Samaki wa Mama Atieno ndio walikuwa adui wetu wa kudumu. Mlio wa mafuta yakikaanga unafanana sana na herufi "s" inapoimbwa, kwa hiyo ukijaribu kuuondoa unaondoa na nusu ya maneno. Tulimwomba asimamishe karai tunaporekodi. "Mimi nimekuwa hapa kabla yenu," alijibu. "Nyinyi simamisheni nyimbo." Mwishowe tulikubaliana kwamba kila wimbo ukiisha tutamnunulia samaki mmoja na yeye atapumzika kati ya samaki na samaki. Ndiyo sababu rekodi zetu za mwaka ule ni fupi. Maikrofoni nayo ilisikia zaidi ya samaki. Ukivaa hedfoni ulipata mtaa wote: nani anadaiwa kodi, nani ameonekana na mume wa nani, nani atapigia kura upande gani na kwa nini mwenzake ni mjinga. Kadiri uchaguzi ulivyokaribia, maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyozidi. Odhis alikuwa akivua hedfoni akisema, "Leo kuta zina hasira." Hatukuyatilia maanani sana.

Kazi yetu kubwa ilikuwa kwaya ya kanisa moja hapo Kianda. Kulikuwa na Waluo, Waluhya, Wakamba, kila mtu. Sauti ya kwanza iliongozwa na Atieno, binti wa muuza samaki, msichana mwembamba mwenye sauti kali kiasi kwamba sindano ya kipimo ilikuwa ikiruka akivuta pumzi tu. Besi ilikuwa ya Mutiso, seremala kutoka Machakos, mtu mkubwa, mpole, asiyeweza kuimba kwa sauti ndogo hata ukimpa pesa. Alipofika kwenye noti fulani nzito, bati moja kwenye dari yetu lilikuwa likitetemeka na kuzozana naye. Tulimfanya apande ngazi ya sauti polepole, noti baada ya noti, mimi nikiwa juu ya meza nagusa bati moja moja kwa kiganja mpaka nikalikamata lenye kosa. Tukalitia vipande vya ndala chini ya misumari na likanyamaza. Mutiso na Atieno walikuwa wamechumbiana. Mama Atieno alikuwa amekubali bila shida, maana Mutiso alikuwa akila samaki wake kila jioni, kichwa na mifupa. "Mkamba anayekula kichwa cha samaki," alisema, "huyo ameshazaliwa kwetu." Tulirekodi wanawake kabla ya Krismasi, na tukapanga wanaume waje mara tu baada ya kura. Kila mtu wakati ule alikuwa akisema hivyo: mara tu baada ya kura.

Sitaeleza sana yaliyofuata matokeo, kwa sababu wengine wameyaeleza na kwa sababu mimi nilikuwa chini ya meza. Nakumbuka mawe yakianguka kwenye mabati, na Odhis aliyelala sakafuni kando yangu akisema kwa utulivu kabisa kwamba sasa anaelewa kwa nini rekodi za mvua hazifai. Nakumbuka moshi wa vitoa machozi ukiingia kupitia matundu ya misumari, na Mama Atieno akitupitishia kitambaa chenye maji chini ya ukuta. Halafu, baada ya siku chache, wanasiasa wa Ukambani wakaungana na serikali, na ghafla sisi Wakamba wa Kibera tukawa wasaliti, hata wale ambao hatukuwa tumeulizwa. Karakana ya Mutiso ilivunjwa. Watu walikimbia na watoto, magodoro, mitungi ya gesi. Mutiso alikimbia na kabati. Alikuwa amelitengeneza kwa ajili ya harusi, kabati la nguo la mbao nzito lenye milango miwili, na alilisukuma kwa mkokoteni mpaka mtaa wa Kawangware, pale kituo cha 46, bila mtu kumsimamisha, pengine kwa sababu hakuna aliyeamini anachokiona. Kabla hajaondoka alikwenda kumuaga Atieno, na mama yake akamfukuza mlangoni mbele ya watu. Alimwambia harusi imekufa, asirudi hapo. Nilimsikia nikiwa ndani. Sauti yake ilitetemeka mahali ambapo sauti ya mtu mwenye hasira haitetemeki.

Wiki ileile ilikuwa zamu yangu. Vijana walikuwa wameanza kuuliza kibanda cha redio ni cha nani. Odhis alitaka tugawane vifaa, nusu vibaki, nusu niende navyo, ili studio isife yote mahali pamoja. Tatizo lilikuwa kompyuta, moja kati ya mbili tulizokuwa nazo. Kisanduku chake kilikuwa kizito na mtu akikiona barabarani angekichukua. Mama Atieno aliingia bila kubisha, akatuangalia tukihangaika, akasema, "Leta hapa." Akakifunga kile kisanduku kwa leso, akakiweka mgongoni kama mtoto, akajifunika shali juu. Tukatoka, yeye mbele, mimi nyuma na begi la nguo lenye maikrofoni katikati ya soksi. Njia nzima alinigombeza kwa Kiluo, lugha nisiyoijua, ili watu wadhani mimi ni binti yake. Karibu na Ngong Road tukakuta kizuizi. Kijana mmoja akauliza mbona mtoto halii.

"Ni mgonjwa," akasema Mama Atieno.

"Ana nini?"

"Joto. Tangu jana anachemka." Akamgeukia. "Unataka kumshika? Shika. Halafu upeleke nyumbani kwa mama yako hiyo ugonjwa."

Kijana akasogea kando. Tulipovuka barabara akanifungulia leso, akanipa kompyuta mikononi kwa uangalifu wa ajabu, kama amesahau kwamba si mtoto kweli. Nikamuuliza kama ana neno lolote nimpelekee Mutiso. Uso wake ukajikunja. "Mwambie hakuna harusi," akasema. Akageuka, kisha akarudi hatua chache. "Na uangalie kama anakula."

Mutiso alikuwa amenipatia chumba kwenye ploti ya vyumba vya kupanga alikohamia, mlango kwa mlango. Kile chake kilikuwa cha mawe na sakafu ya simiti, kitanda, jiko, na lile kabati, ambalo lilichukua nafasi kubwa kiasi kwamba ilibidi uchague kati ya kufungua mlango wa nyumba na mlango wa kabati. Hakuweka nguo ndani yake. Alisema ni la harusi. Tulikula mboga ya sukuma na ugali, kesho yake ugali na sukuma. Kadi za simu zilikuwa adimu, lakini Odhis alipata moja akanipigia. Alizungumza haraka kama mtu aliye chini ya maji. Kwaya ilikuwa imeanza kukutana tena, akasema, waliobaki. Kuna wanaosema watafute besi mwingine na wafute majina ya waliohama. Atieno amesema besi mwingine akija, yeye hataimba. "Mwende, wakizoea pengo, imeisha," akasema. "Nataka Mutiso awe ndani ya hiyo nyimbo kabla wazoee. Mrekodi huko. Mimi nitaunganisha." Akaniletea sauti za wanawake kwenye flashi aliyoificha ndani ya mkate. Kwenye kizuizi vijana walimega mkate wakachukua nusu. Tulipokutana Ngong Road alikuwa bado anatokwa na jasho. "Wamechukua upande wa kushoto," alisema. "Mungu yupo upande wa kulia."

Chumba cha mawe kilikuwa kibaya kuliko cha mabati. Mutiso akiimba, noti zake nzito zilijirundika kwenye kona na kuvimba, mpaka ungedhani kuna Mutiso wengine watatu wanamjibu. Masweta yetu yote yalikuwa Kianda. Nilizunguka chumbani nikipiga makofi, nikisikiliza, na kila kona ilikuwa mbaya, mpaka nikafungua lile kabati kutafuta mahali pa kuweka maiki, nikapiga kofi nikiwa nimeingiza kichwa. Kofi likafa. Mutiso alikuwa amelijenga kwa mbao nene, zisizolia ukizigonga. Nikawageukia majirani, nikaazima makoti, blanketi, mashuka, gauni la mtu la ubatizo, nikavitundika ndani vyote. Kisha nikamwomba Mutiso aingie.

"Hili ni la harusi," akasema.

"Ndiyo tunalitumia kwa harusi."

Akafikiri. Akavua viatu, akaingia. Alikaa ndani ya kabati lake, magoti kifuani, hedfoni kichwani, makoti ya ploti nzima yakimning'inia usoni, nikafunga milango ukabaki ufa wa kupitisha waya. Akasikia sauti ya Atieno masikioni. Nilisubiri. Halafu kabati likaanza kuimba. Hata sasa, nikiwa nimefanya kazi kwenye vyumba vilivyopimwa na wataalamu, sijapata besi kama ile, kavu, ya karibu, kama mtu anayekunong'oneza akiwa ndani ya kifua chako. Upande wa pili wa ukuta majirani walikuwa na maoni mengine. Walijua kijana amekataliwa na mchumba, na sasa anaimba nyimbo za Mungu akiwa kabatini. Mwanamke mmoja alileta uji.

Aliyetuletea wasiwasi alikuwa Sajini. Hilo halikuwa jina lake, na hakuwa askari. Alikuwa kiongozi wa vijana waliojipa kazi ya kulinda eneo letu usiku na mchana. Serikali ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na mtu alikuwa amemwambia kwamba kwenye ploti yetu kuna waya na mwanamke kutoka Kibera anayepeleka habari upande ule. Aliingia na wenzake wenye marungu wakati Mutiso yumo kabatini katikati ya ubeti.

"Nani ako huko ndani?" akauliza.

"Ni besi," nikasema.

Alifungua mlango kwa ncha ya rungu. Mutiso, ambaye hakuwa amesikia lolote kwa sababu ya hedfoni, alikuwa amefumba macho na anaendelea kuimba.  Nilijua kwamba mmoja wao akiamua kwamba huu ni usaliti, hakuna maelezo ya kitaalamu yatakayotuokoa. Nikamvua Mutiso hedfoni polepole, nikampa Sajini. "Sikiza mwenyewe tunapeleka nini," nikamwambia. Akavaa. Uso wake ukalegea kidogo kidogo. Alisikiliza Atieno mpaka mwisho, akaomba tena. Wenzake wakaanza kuchoka kusimama. Alipovua akasema, "Huyu dame anaimba fiti." Kisha, akiangalia pembeni, "Na mimi mnaweza niweka?"

Tulimweka. Ningefanyaje? Sajini aliingia kabatini na rungu lake, akakataa kuliacha nje, akaimba. Sijawahi kusikia sauti ya aina ile. Haikuwa juu wala chini ya wimbo, ilikuwa kandokando yake, kama mtu anayetembea pembeni ya gari asilopanda. Mutiso, mpole daima, akamwambia, "Una pumzi nzuri." Kuanzia siku ile Sajini alipitia kila siku kuuliza sehemu yake imefika wapi, na hakuna mtu aliyetugusa tena. Nimehesabu baadaye kwamba tulinunua usalama wetu kwa kumrekodi mtu asiyejua kuimba, na nikiangalia studio za Nairobi naona biashara hiyo bado inaendelea.

Tatizo lililobaki lilikuwa la saa. Kompyuta yangu na ya Odhis hazikwenda mwendo mmoja. Tofauti ilikuwa ndogo sana, lakini mwisho wa wimbo Mutiso alikuwa amemaliza na kutulia wakati wanawake wangali wanakuja, kama mtu aliyewahi kushuka kituoni. Odhis akapata dawa. Mutiso apige kofi moja mwanzo, na kofi moja mwisho, akasema, na nisikate chochote katikati. Yeye atavuta besi mpaka makofi yakutane na mwanzo na mwisho wa sauti za wanawake. Mutiso akarudi kabatini, akapiga kofi, akaimba vizuri kuliko siku zote. Wimbo ulipoisha nilikuwa nimekimbilia jiko, maana ugali ulikuwa unaungua. Niliporudi nikasikia kofi la mwisho, nikazima, nikaweka kwenye flashi. Kwamba kati ya mwisho wa wimbo na lile kofi palikuwa na muda mrefu, sikujua.

Sasa Odhis alikuwa na wanawake wanaosikika kama wako kwenye chumba cha mabati, na mwanamume anayesikika kama yuko kabatini, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Leo kompyuta ingewapa wote chumba kimoja. Odhis alikwenda kanisani mchana, akaweka spika zake mbili kubwa madhabahuni, maikrofoni mlangoni mwa nyuma, akaupiga wimbo wote kwa nguvu, bila kuusikiliza kwanza mpaka mwisho, ili jengo lenyewe liwape mwangwi mmoja, kisha arekodi mwangwi huo. Wanawake wa kwaya walikuwa ndani wakisafisha. Mama Atieno alikuwa uani na karai lake, kwa kuwa wateja wa kawaida walikuwa wamepotea na siku hizo alikaanga popote penye watu. Odhis alitoka nje kidogo kumzuia mtu wa mkokoteni asipite. Haya yote niliyajua kutokana na rekodi aliyoniletea Ngong Road siku iliyofuata, akicheka mpaka akashindwa kueleza, akasema tu, "Weka. Sikizeni nyinyi wenyewe."

Tulikaa kitandani mimi na Mutiso, Sajini mlangoni. Wimbo ukapita, mzuri ajabu, watu waliotengwa na barabara na mawe wakisimama kwenye kanisa moja. Ukaisha. Halafu, kwa ukubwa wa spika mbili, ikaja sauti ya Mutiso akizungumza. Mutiso aliye kando yangu akashika kichwa.

"Atieno," ilisema spika, "najua hunisikii. Huku ni sukuma tu. Mama yako sijamkasirikia. Siku ile alikuwa anaogopa, hata mimi nilikuwa naogopa. Lakini wacha nikuambie ukweli, na usimwambie. Nimeota samaki wake mara nyingi kuliko nimekuota wewe. Hili kabati nimeliwekea rafu pana huku chini. Nilipima karai lake. Linaingia."

Kisha kofi. Kisha kimya, kimya cha kanisa lenye watu walioacha kufagia. Mlio wa mafuta uani ulikuwa umekoma. Tukasikia hatua za ndala zikija kutoka nyuma, zikipita karibu sana na maikrofoni.

"Nani anasema hayo?" Ilikuwa sauti ya Mama Atieno.

"Ni Mutiso, Mama," Atieno akajibu, kwa mbali.

"Yuko wapi?"

"Yuko kwa spika."

Hatua zikasogea mbele. "Mutiso," akasema Mama Atieno. Akangoja. "Mutiso, ni mimi naongea na wewe. Nani alikwambia upime karai yangu?" Akangoja tena. Spika, kwa kawaida yake, haikujibu. Sauti yake ikapanda. "Munaona? Ananinyamazia. Mimi, mama mkwe wake, mtu ananinyamazia hivi."

Kicheko kilianza kwa mtu mmoja, kikajaribu kujizuia, kikashindwa, kikawashika wote, na kanisa likakichukua na kukirudisha kutoka kila ukuta. Ndani yake tukamsikia Mama Atieno akiuliza, "Nyamazeni. Kwani nimesema nini?"

"Umesema mama mkwe, Mama."

"Nimesema kwa mfano."

Mutiso aliniomba nirudishe. Nikarudisha. Akaomba tena, na tena, akiinama karibu na spika yangu ndogo kila ilipofika pale, mpaka kisanduku cha kompyuta kikawa cha moto kweli. Sajini aliyekuwa ameegemea mlango alitoa hukumu yake. "Hapo amekubali," akasema. "Mimi hata mama yangu akisema kwa mfano, hiyo ni sheria."

Viongozi walipotia saini makubaliano yao na barabara zikatulia, nilirudi Kianda. Harusi ilifanyika kanisani hapo kabla mvua kubwa hazijaisha. Watu wa Mutiso walikuja wameshikana, wakiangalia huku na huku, na Mama Atieno aliwapokea kwa kuwagombeza kwamba wamechelewa kula. Odhis alikuwa amefunga spika zote, wimbo uko tayari, umesafishwa, makofi yamekutana, Sajini akiwa ndani kwa chini sana mahali ambapo ni yeye tu angejisikia. Bwana na bibi harusi walipofika mlangoni Odhis alibonyeza, na stima ikapotea, taa zote zikazima. Si kanisani tu, mtaa mzima. Alibonyeza tena, kama ilivyo kawaida ya mafundi wote. Watu wakageuka kutuangalia. Ndipo Atieno, akiwa na shela yake mlangoni, akaanza kuimba mwenyewe, na wanawake wakamfuata, na Mutiso akaingilia besi akiwa ameshika mkono wa mkewe mtarajiwa, kwa kuwa hakuna besi mwingine aliyekuwapo.

Walipofika kwenye kiitikio nilisikia shimo. Odhis alilisikia pia, nikaona anavyoinua kichwa. Sauti ya pili haikuwapo. Kavata na dadake, walioishika sehemu ile, walikuwa wamekwenda Kitui mwezi wa kwanza na walikuwa wametuma neno kwamba hawarudi tena Nairobi, si kwa harusi, si kwa lolote. Kwenye rekodi walikuwamo. Hapa mahali pao palikuwa hewa tupu, na kila mtu aliimba akipazunguka. Mama Atieno aliyekuwa kando ya kwaya alinitazama kupitia vichwa vya watu, akanionyesha nafasi ile kwa kidevu. Nikatikisa kichwa. Mimi si mwimbaji. Akanionyesha tena. Nilikuwa nimesikiliza sehemu ya Kavata kwa hedfoni mara nyingi mno, najua anapovuta pumzi, najua neno analolimeza. Nikaiacha mashine, nikapenya katikati ya watu, nikasimama pale alipokuwa akisimama, nikafungua mdomo.

Nililia kidogo, na hiyo haikusaidia noti. Wimbo ulipoisha nilirudi nyuma nikakaa kando ya Odhis, ambaye alikuwa bado ameweka kidole kwenye mashine iliyokufa.  Kisha akanisogezea nusu ya kiti chake.

"Kungekuwa na stima," akasema, "ningekupunguza."